Nilimtengenezea bibi nyumba ya magurudumu, akanigomea!

Kama wewe ni mtu wa kucheka ya wenzio, vuta kiti ukae vizuri, maana wiki hii naanika ya kwangu mwenyewe. Mtaani kwetu Ifakara wapo masela ambao hadi leo wakiniona napita na baiskeli wananiita "Injinia Tela". Mwanzoni nilikuwa nanuna. Siku hizi nawapungia mkono, kwa sababu wao wanajua nusu tu ya stori. Nusu nyingine ndiyo hii.

Mimi ni mtoto wa Ifakara. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja hayatazamiki, nikapanda basi kwenda Dar kutafuta maisha. Miaka mitatu nikauza vyombo vya plastiki Kariakoo, usiku naandika makala za magazeti kama hivi. Oktoba 2024 nikarudi nyumbani na vijisenti vyangu, milioni moja na ushee, kichwani nina ndoto ya kununua bodaboda. Bodaboda yenyewe hata harufu yake sikuinusa. Pesa yote ilikwenda kwa bibi.

Bibi yangu, huyu mzaa mama, ana miaka sabini na kitu. Ana ekari tatu za mpunga ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Ulanga. Wewe wa mjini unayekula wali wa Supa unaweza kudhani mpunga ukishapandwa unajilea wenyewe. Thubutu! Bondeni kwetu mpunga unalelewa kama mtoto mchanga. Watu wanafunga nyumba zao mjini, wanahamia shambani miezi mitatu minne. Usiku wanalinda nguruwe pori, mchana wanapigana na ndege. Wanalala kwenye dungu, yaani kile kichanja cha miti kilichoinuliwa juu, paa la nyasi, ngazi ya miti. Bibi amelala kwenye madungu tangu yupo binti.

Masika ya 2024 maji yalikuwa mengi kweli kweli bondeni. Dungu la bibi likalala upande mmoja, chandarua kikachanika, mbu wakamfaidi. Akaletwa mjini kapakiwa nyuma ya baiskeli, kafungwa kwa khanga kwenye mgongo wa kijana wa watu, hajitambui. Malaria ilimpanda kichwani. Wiki mbili kitandani. Siku alipofumbua macho vizuri, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Nani analinda ndege?"

Sasa nilipofika nyumbani nikakuta kikao cha ukoo kimeshaitwa. Mjomba wangu mkubwa ndiye aliyekishika. "Mama hatakanyaga tena kule," akasema. "Shamba liuzwe. Mteja ninaye." Watu kimya. Bibi alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele, hata kichwa hakuinua.

"Mkiliuza shamba," akasema, "mniuze na mimi humo humo."

Basi bwana, sijui ni shetani gani aliyenipanda. Nikasimama mbele ya wakubwa nikasema nitamtengenezea bibi pa kulala. Mjomba akanitazama kuanzia kandambili hadi nywele. "Mjomba, wewe? Kwa pesa ipi? Na nyumba ya tofali kule kila mwaka maji yanailamba, hulijui hilo?" Nikasema nalijua. Akanipa muda hadi mwisho wa Februari. Kama bibi hana pa kulala pa maana ikifika siku hiyo, shamba linauzwa na mimi nisifungue mdomo tena kwenye kikao. Nikakubali. Hapo ndipo nilipojiingiza kwenye kasheshe.

*

Kwa muda wa wiki nzima sikuwa na jibu. Halafu siku moja nimekwenda gereji kumsindikiza mshikaji wangu, nikaliona. Nyuma ya uzio, katikati ya nyasi zilizonifika kifuani, lilikuwepo tela la zamani la Wazungu. Siyo tela la kubebea mpunga. Hili ni nyumba. Lina mlango, lina madirisha, lina kona za mviringo kama mkate wa boflo, na magurudumu mawili tu katikati. Wenyewe huliita karavani. Mwenye gereji alisema lilikuwepo hapo kabla yake, na wazee wa mtaa wanasema lilikuja na Wazungu waliokuwa wakizunguka bondeni na kazi zao zamani, wakaondoka wakaliacha. Jina la kiwanda lilishafutika. Palibaki kibati kidogo kinachosema limetengenezwa Uingereza.

Msomaji, usije ukadhani haya matela ni vitu vya kuchezea. Kuna Mmarekani mmoja aliitwa Wally Byam, ndiye aliyeanzisha yale matela ya bati linalong'aa yanayoitwa Airstream. Mwaka 1959 aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipita Uganda, wakapita Kenya, wakazama kwenye tope la Ethiopia, na mwaka 1960 wakayapanga matela yao jirani na mapiramidi ya Misri. Wazee kwa vijana, na vitanda vyao, na majiko yao, wanaivuka Afrika kama konokono. Mimi nilikuwa nataka kuvuka mto mmoja tu. Nitashindwaje?

Mwenye gereji alianzia laki sita. Nikamwambia hilo ni nyumba ya panya. Tukamalizana kwa laki tatu na nusu, akanipa na siku mbili za kuliondoa. Vijana kumi na wawili tulilisukuma, matairi hayana upepo, tunapita barabarani na watu wameacha kazi zao wanatazama. Ifakara ni mji wa baiskeli, na ninaapa siku hiyo baiskeli zote zilisimama. Tukaliegesha uani kwetu chini ya mwembe. Ukumbuke huo mwembe, kuna mahali utarudi.

*

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kitoto. Nilinunua rangi kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa nimeshaona kichwani tela jeupe lenye mstari wa buluu, nimesimama mlangoni napigwa picha. Nikapiga msasa, nikapaka upande mmoja, likawa babu kubwa! Majirani wakasifu. Usiku ikanyesha mvua ya dakika ishirini tu. Asubuhi naingia, godoro la kuazima limelowa chapachapa. Nikagusa ukuta kwa ndani, kidole kikazama kama kwenye papai.

Yupo seremala mmoja mtaa wa nyuma, mtu mzima, fundi wa milango na vitanda. Nikamfuata kwa unyenyekevu. "Shikamoo fundi." Akaja, akazunguka mara mbili, akagonga gonga kwa mpini wa nyundo. Penye mbao nzima palilia ko-ko-ko. Penye kuoza palitoa sauti ya mtu anayepiga mto. Akachora chaki. Tela zima likajaa chaki.

"Kijana," akasema, "umempaka mgonjwa poda."

Hapo nilikoma. Akanieleza kitu ambacho nakileta kwako bure, mimi nilikilipia. Tela la namna hii kwa nje ni bati jembamba la aluminiamu, na bati hilo halijishikilii lenyewe. Ndani kuna mifupa ya mbao nyembamba, na juu ya mifupa kwa ndani wamepigilia ubao mwembamba. Bati halina kutu, kwa hiyo linakudanganya. Maji yanaingia kwenye maungio, pale kwenye kona ambapo vipande viwili vya bati vinakutana chini ya ule utepe wa chuma wenye skrubu. Ile gundi ya zamani imekauka, imepasuka. Maji yanateremka ndani ya ukuta taratibu, yanakaa chini kwenye mbao za msingi, zinaoza miaka ishirini wewe unaona nje panang'aa. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kuvuja. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Tulipima hivi. Nikapanda juu ya ngazi na ndoo, namwaga maji juu ya paa taratibu, kipande kwa kipande. Ndani tulimweka mdogo wangu wa darasa la sita na chaki. Kila anapoona tone anapiga kelele "hapa!" na kuchora. Alipiga kelele mara kumi na tisa, nilihesabu. Tukafungua tepe zote, tukakwangua gundi ya zamani kwa kisu, tukapaka mpya, tukarudisha tepe na skrubu mpya maana zile za zamani zilikatika vichwa. Tukamwaga tena. Kelele nne. Tukarudia. Mara ya tatu mtoto akatoka kakauka, akadai soda yake.

Ndipo tukaingia kwenye mifupa. Ubao wa ndani ulitoka kwa mikono. Humo ndani nilikuta kiota cha panya, nyigu waliohama zamani, na gazeti la Kizungu lililogeuka unga. Seremala alinikataza kutupa kipande chochote. "Kilichooza ndicho kipimo chako," alisema. Tunalaza mbao iliyooza juu ya mpya, tunachora kwa penseli, tunakata. Tulitumia mabaki ya mtiki, maana bonde letu lina mashamba makubwa ya mitiki, na mchwa wa huku wanauheshimu. Tulipanga kubadilisha mbao nane. Tukafika ishirini na sita. Sakafu nayo nusu ilikwenda, tukaweka plaiwudi nene, chini yake tukaipaka lami.

Chini kulikuwa na mambo yake. Chesisi ilikuwa na kutu ya juu juu, tukaikwangua kwa brashi ya waya, tukaipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Beringi zilikuwa zimelia hadi zimekufa. Nilidhani ndiyo basi, nitapata wapi beringi za tela la Uingereza la miaka hiyo? Fundi gereji akacheka. Akaifuta beringi ya zamani kwa mafuta ya taa, namba ikajitokeza imechongwa pembeni. "Beringi haina kabila," akasema. Nikaenda na ile namba kwenye duka la spea, zikapatikana. Matairi nayo yalikuwa saizi moja na ya vigari vidogo vya kawaida, nikanunua mawili yaliyotumika. Sehemu ya kuvutia ndiyo iliyohitaji mashine ya kuchomelea. Tela la Wazungu linavutwa kwa kichwa kinachokaa juu ya kitufe cha mviringo nyuma ya gari. Mimi chombo changu cha kuvutia kilikuwa pawatila ya jirani, na pawatila inafunga kwa pini. Tukakata kichwa, tukachomelea pete nene ya chuma mbele ya drobaa. Wenye kupenda vitu vya zamani wangelia machozi. Basi walie, mimi nilikuwa nawaza mto.

Kitu kimoja nilikitilia mkazo kuliko vyote. Mbu. Mtoto wa Ifakara huwezi kukua bila kuijua habari ya mbu, maana mji wetu una wataalamu wa malaria tangu miaka ya 1950, na kituo chao leo kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Bibi mwenyewe anakumbuka miaka ya mwisho ya 1990, vyandarua vya mradi vilipokuwa vikiuzwa vijijini kwa jina la Zuia Mbu. Na jambo moja tunalisikia tangu utotoni ni kwamba mbu wa malaria anapenda kuingia kwa kupitia ule mwanya kati ya ukuta na paa. Dungu ni mwanya mtupu. Tela halina mwanya! Nikaziba kila tundu. Madirisha yalikuwa mabovu bawaba zake, nikayagandisha kwa gundi moja kwa moja yasifunguke, maji yasipite, mbu asipite. Nikajiona mwanasayansi.

Mwisho ndiyo nikapaka rangi. Nyeupe, mstari wa buluu. Nikaweka mapazia mekundu, godoro jipya, na ile meza inayoshuka ikawa kitanda. Katikati ya Februari kazi imekwisha, mfukoni nimebakiwa na elfu kumi na moja.

*

Siku ya makabidhiano niliita ukoo mzima. Mjomba alikuja na kanzu yake. Ili watu waone vizuri nikawaomba vijana walisukume tela litoke chini ya mwembe, liwe pale katikati ya uwanja. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Februari la Ifakara, lile linalokaanga utosi. Nikatoa hotuba kidogo. Nikamshika bibi mkono, nikamwingiza, nikafunga mlango auone uzuri wa ndani.

Sikumaliza kuhesabu hadi thelathini. Mlango ukafunguliwa kwa teke. Bibi akatoka jasho linamtiririka, khanga ya kichwani mkononi, anajipepea.

"Mume wangu," akaniambia mbele ya watu wote, na unajua bibi zetu wanavyotuita, "umenitengenezea jeneza lenye mapazia."

Watu walicheka hadi kuku wakakimbia. Mjomba hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi, mmeona wenyewe," akatoa simu yake mfukoni. Nilijua anampigia nani. Anampigia mteja wa shamba.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye kinu. Sikufichi msomaji, nililia. Miezi minne, pesa yote ya Kariakoo, na lile neno jeneza. Nilimkasirikia bibi ile mbaya. Nikasema hawa wazee hawana shukrani, mtu unawapa nyumba ya Kizungu wanataka nyasi.

Jioni bibi akanifuata na sahani ya wali na kambale. Akakaa chini. Hakuomba radhi, akaniuliza swali: "Wewe umewahi kulala humo?"

Nikasema hapana.

"Umewahi kukaa humo mchana, nje ya mwembe?"

Hapana. Miezi yote minne nilikuwa kivulini.

"Uliniuliza mimi nataka nini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimemuuliza seremala, nimemuuliza fundi gereji, nimemuuliza muuza rangi. Mtu ambaye atalala humo sikumuuliza hata siku moja. Kumbe hata lile tela sikuwa namtengenezea yeye. Nilikuwa najitengenezea mimi, niwaoneshe wakubwa kwamba yule aliyefeli kidato cha nne ana akili.

Bibi alipoona nimenyamaza akaanza kuhesabu kwa vidole, kama mtu anayenituma dukani. Moja, kile kidaraja cha mlangoni ni kirefu, goti lake la kushoto haliwezi, weka viwili. Mbili, madirisha yafunguke, yawekwe nyavu, na moja litazame upande wa mpunga ili usiku akisikia nguruwe pori amulike tochi bila kutoka. Tatu, asipikie humo, jiko la nje na kibanda chake. Nne, dungu lijengwe upya pembeni. "Mchana nitakaa dunguni, upepo upo na ndege nawaona wote. Humu ni pa kulala." Na la tano ndilo lililoniacha mdomo wazi.

"Liezeke."

"Bibi, lina paa hilo!"

"Lina bati. Liezeke nyasi. Simika nguzo pembeni, paa lako likae juu yake lisiliguse, upepo upite katikati. Na nguzo usizifunge kwenye tela, maji yakija tulivute liondoke, nyasi zibaki."

Mbona niliona aibu. Mwanamke hajawahi kukanyaga darasa la tano, na kwa dakika tano amemaliza kitu kilichonishinda miezi minne. Kivuli juu, upepo katikati, nyavu madirishani. Ndicho mwembe ulichokuwa unakifanya siku zote, mimi nafikiri ni kazi ya mikono yangu.

Usiku ule ule akamwita mjomba. Sikuruhusiwa kukaa. Nilichosikia kwa ukutani ni sentensi moja tu ya bibi: "Mtoto kakosea dirisha, hajakosea njia." Asubuhi mjomba akanipita uani, akasema bila kunitazama, "Mwisho wa Februari ni ule ule." Nikajua mteja ameambiwa asubiri.

*

Niliuza simu yangu ya kupapasa, nikanunua kitochi. Ile pesa ikatosha nyavu, bawaba, na mbao za ngazi. Seremala alinikatia madirisha matatu yanayofunguka, akakataa ujira wa siku ya mwisho. Alisema amecheka kwa thamani ya pesa hiyo.

Tarehe 27 Februari alfajiri, tukafunga tela nyuma ya pawatila. Bibi alikataa kupanda bajaji. Akapanda kwenye pawatila pembeni ya dereva, mwavuli mkononi, kama waziri. Mimi na masela na baiskeli nyuma, kila mmoja na jiwe la kuzuia gurudumu. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea hadi mtoni.

Pale mtoni bibi akaomba tusimame kidogo. Zamani ulikuwa unavuka hapo kwa pantoni, na unavuka roho mkononi. Januari 2016 kivuko kilipigwa na upepo kikazama na watu. Leo kuna Daraja la Magufuli, mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018. Bibi akatazama maji chini muda mrefu, midomo inacheza. Sikumuuliza anawataja akina nani. Halafu akagonga bega la dereva, twende.

Tukafika saa nne. Tuliegesha kwenye kichuguu alichokichagua yeye, tukaweka mawe chini ya chesisi matairi yasibebe uzito wote. Siku tatu tukajenga nguzo na paa la nyasi, na dungu pembeni. Usiku wa kwanza nililala mimi humo, kwa amri ya bibi. Nililala kama mtoto. Usiku wa pili akalala yeye. Asubuhi nikamuuliza vipi. Akasema, "Godoro gumu." Kwa bibi yangu hiyo ni sifa.

Mjomba alikuja Machi, kutazama. Akaingia, akatoka, akagusa nyavu, akapapasa mbao. Akashauri jambo moja: magurudumu yatolewe yauzwe, maana tela limeshafika. Bibi akamwambia ayaache. Aprili, usiku, maji yakaanza kutambaa kutoka upande wa mto, taratibu, hayana kelele, kama yanavyofanya bondeni kila masika. Alfajiri yalikuwa hatua chache kutoka kichuguuni. Pawatila ilikwama, kwa hiyo tukavuta kwa kamba, watu tisa, pamoja na mjomba aliyekuwa amelala kwa jirani. Tulilitoa chini ya nyasi zake, tukalisogeza hatua kama themanini hadi penye mwinuko. Bibi alikuwa ndani anafunga mizigo, hakutaka kushuka. Mjomba kajaa tope hadi kiunoni, anavuta, anahema, halafu nikamsikia anacheka peke yake. Akaniambia, "Mjomba, kumbe kweli limefaa." Siku nne baadaye maji yakarudi, na sisi tukalirudisha chini ya nyasi.

Msimu ule bibi hakuugua. Sisemi ni tela peke yake, chandarua alikuwa nacho na tulimtazama kama yai. Ila alivuna mwenyewe, Juni, amesimama. Habari ya kuuza shamba haijaletwa tena kwenye kikao. Rangi yangu nyeupe imeshakwanguliwa na matawi, mapazia mekundu bibi aliyageuza mifuko ya mbegu, na lile tela ukiliona sasa hivi chini ya nyasi zake utadhani ni ghala la kuku. Picha niliyoitaka sijapiga hadi leo.

Basi wewe kijana mwenzangu unayesoma hapo kijiweni, una mama, una bibi, una mshiko kidogo na unataka kumfanyia jambo la kumfurahisha. Mfanyie. Ila kabla hujanunua rangi, kaa naye chini kwanza, muulize analala vipi, goti gani linamuuma, na anataka dirisha litazame wapi. Mimi sikuuliza, nikaitiwa jeneza mbele ya ukoo mzima.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia. Na wale wa "Injinia Tela", nimewasikia!